Kuzima Taa Si Kutengeneza Gari: Vijana, Tukatae Biashara ya Kukata DPF



Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari ya katiba na daftari la wapiga kura, tuongee moshi. Najua kuna mtu ameshaanza kuguna, "huyu naye kakosa mada." Subiri kwanza. Jambo hili liko kwenye mapafu yako, hata kama huna gari na huna mpango wa kuwa nalo.

Haipiti wiki pale gereji ninapopigia kazi hapa Dar bila kuletwa gari la dizeli lililowasha taa ya DPF kwenye dashibodi. Mwenye gari anashuka, na mara nyingi swali lake ni moja tu: "Kukata shilingi ngapi?" Haulizi limeziba kwa nini. Anataka chujio litolewe, taa izimwe kwa kompyuta, awahi zake Posta. Na akikataliwa hapa, mtaa wa pili atapata wa kumkatia ndani ya saa mbili.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kukata DPF si matengenezo. Fundi anayekuambia hiyo ndiyo dawa anakupiga. Na serikali inayokusanya ushuru wa magari haya bandarini, halafu ikaangalia pembeni yanapokatwa mitaani, ina deni kwetu sisi tunaoshinda barabarani.

DPF ni nini, kwa lugha ya kijiweni

Kwanza usichanganye na DFP, ile namba ya magari ya miradi. DPF ni chujio la masizi. Liko kwenye njia ya ekzosi, kati ya injini na silensa. Ndani yake kuna kauri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, na kila kitundu kimezibwa upande mmoja. Moshi ukiingia hauna pa kutokea isipokuwa kupenya kwenye kuta za kauri hiyo. Hewa inapita, masizi yanabaki. Chujio zima linakamata zaidi ya asilimia 90 ya masizi yanayotoka kwenye injini.

Ulaya, tangu viwango vya Euro 5 vilipoanza mwaka 2009, gari dogo la dizeli kiuhalisia haliwezi kuuzwa jipya bila chujio hili. Japani nao wanabana. Ndiyo maana Mazda CX-5 za dizeli na Prado za miaka ya karibuni zinateremka meli zikiwa nalo. Mtu ananunua gari mtandaoni, anaangalia rangi, kilomita na viti vya ngozi. Kwamba kuna kifaa cha namna hiyo chini ya gari, anakuja kujua taa ikiwaka.

Sasa, chujio lolote linalokamata uchafu litajaa, na wahandisi walilijua hilo. Wakalipa gari uwezo wa kujisafisha. Ukiwa safari ndefu, ekzosi ikapata moto wa kutosha, masizi yanaungua yenyewe taratibu. Moto usipotosha, kompyuta ya gari inaongeza dizeli kidogo kwa makusudi, joto kwenye chujio linapanda hadi kama nyuzi 600, masizi yanateketea. Kazi hiyo inachukua kama dakika kumi mpaka ishirini na kitu. Gari likiwa zima na barabara ikiwa wazi, dereva wala hajui kama imefanyika.

Tatizo ni hayo maneno mawili: gari zima, barabara wazi.

Kwa nini linaziba

Sababu ya kwanza kila mtu wa Dar anaijua: foleni. Unatoka Mbezi kwenda mjini, gari linajivuta hatua kumi, linasimama dakika tano. Ekzosi haipati joto. Kompyuta ikianza kusafisha, wewe umeshafika, unazima gari kazi ikiwa nusu. Kesho hivyo hivyo. Ongeza na ile tabia ya mashangingi kuunguruma nje ya ukumbi saa tatu nzima, dereva kalala ndani na kiyoyozi, akimsubiri mheshimiwa amalize semina. Hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kujaza chujio masizi.

Usafishaji ukikatizwa mara nyingi, dizeli ile ya ziada isiyoungua inateremka kwenye oili. Ndiyo maana kuna magari ya dizeli ambayo ukichomoa kijiti cha kupimia, oili imepanda badala ya kushuka. Usifurahi. Hiyo ni oili iliyochanganyika na dizeli, nyepesi, haikingi tena vyuma. Hapo unahatarisha injini nzima.

Sababu ya pili ni oili yenyewe. Masizi yanaungua, lakini majivu hayaungui. Majivu yanatokana na kemikali zilizomo kwenye oili ya injini, na yakiingia kwenye chujio yanakaa humo humo hadi litolewe na kusafishwa nje. Ndiyo sababu magari haya yanataka oili ya majivu machache: kwa magari madogo ya Kijapani ni ile iliyoandikwa JASO DL-1, kwa ya Ulaya ni ile ya kundi la C la ACEA. Mtu anamwaga oili yoyote yenye dumu zuri kwa sababu ni nafuu kwa elfu kumi, halafu anashangaa chujio linakufa kabla ya wakati.

Sababu ya tatu, na hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: mara nyingi chujio si mgonjwa, ni shahidi. Nozeli inavuja, inamwaga dizeli kuliko inavyotakiwa. Tabo inapitisha oili. Vali ya kurudishia moshi kwenye injini imekwama. Zote hizo zinatengeneza masizi mengi, na chujio linabebeshwa lawama.

Mwaka jana aliletwa kwetu mama mmoja mfanyabiashara. Gereji aliyotoka walishamwambia chujio limekufa, alikatwe, na bei wakamtajia. Tulipounganisha mashine na kuangalia, tukakuta ule mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye sensa ya DPF umepasuka. Sensa inasoma uongo, kompyuta inadhani chujio limejaa. Tukaweka mpira mwingine unaohimili joto, haukufika elfu ishirini, tukalisafisha kwa mashine, akaondoka na chujio lake. Wale wengine walikuwa tayari kumkatia kitu kizima.

Taa ikiwaka, fanya hivi

Kama taa ya DPF imewaka lakini gari bado lina nguvu, usiende gereji kwanza. Soma kitabu cha gari, kisha litoe barabara kuu. Kibaha kwenda Chalinze panafaa. Endesha mwendo usiobadilikabadilika, kilomita 60 hadi 80 kwa saa, gia isiyo juu sana ili injini izunguke zaidi ya elfu mbili, dakika ishirini au nusu saa. Heshimu vijiji na tochi za trafiki, sijakwambia ukimbize. Mara nyingi taa inazima yenyewe. Ukimaliza, usiegeshe kwenye majani makavu, maana ekzosi ina moto mkali.

Kama taa imeanza kumweka, au gari limekosa nguvu na halipandi mwendo, usilazimishe. Hapo kuna mambo ya kudai gereji, na uyadai kwa mpangilio. Kwanza wapime kwa mashine na wakuonyeshe namba: masizi kiasi gani, presha kiasi gani. Pili watafute chanzo: nozeli, tabo, mipira, sensa. Tatu, chanzo kikishatibiwa, walisafishe kwa mashine gari likiwa limesimama. Nne, likiwa limejaa majivu, lishushwe lisafishwe nje ya gari kwa vifaa vinavyostahili. Ile ya kulipulizia maji ya presha na sabuni ya unga uani ni kuivunja kauri. Mwisho, badilisha oili na uweke iliyo sahihi.

Fundi akiruka hatua zote hizo na kushika grenda, chukua ufunguo wako uondoke.

Kukata: nani anafaidika?

Kukata maana yake ni hii. Wanashusha ekzosi, wanapasua lile kopo, wanabomoa kauri yote, wanachomelea kopo likiwa tupu ili kwa nje lionekane liko salama. Kisha mtu wa kompyuta anafuta programu inayouliza habari za chujio. Taa imezima. Gari linavuta. Mwenye gari anacheka.

Muulize sasa: ile kauri iko wapi? Hakuna anayeuliza. Machujio mengi haya yamepakwa madini ya thamani ya jamii ya platinamu, na wanunuzi wa chuma chakavu wanalijua hilo vizuri sana. Yaani unamlipa mtu akuondolee mali yako, halafu anaiuza. Umepigwa mara mbili na umeshukuru.

Na ule ugonjwa halisi bado uko ndani. Nozeli inaendelea kuvuja. Tabo inaendelea kupitisha oili. Tofauti ni kwamba sasa hakuna taa ya kukuambia. Utakuja kujua siku tabo inakufa njiani, na bili ya siku hiyo itafanya ile ya kusafisha chujio ionekane hela ya soda.

Vijana wa upinzani tunaufahamu mtindo huu kuliko wengine. Mwananchi akilalamika maji hakuna, anayelalamika ndiye anakuwa tatizo. Gazeti likiandika, gazeti ndilo tatizo. Nchi yetu imezoea kuzima taa za dashibodi. Hatuwezi kuipinga tabia hiyo jukwaani halafu tukailipia gereji.

Nani anavuta moshi huo?

Mwenye gari kafunga vioo. Moshi anaupata bodaboda aliyesimama nyuma yake kwenye taa za Tazara. Anaupata machinga wa Buguruni, mama lishe aliyetandika meza kando ya barabara, konda aliyening'inia mlangoni, mwanafunzi anayesukumana kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Anaupata hata yule askari wa trafiki anayetuandikia faini. Yaani ni sisi. Ajira za vijana wa mji huu ziko barabarani, pua zao ziko usawa wa ekzosi.

Na si moshi wa kukohoa tu ukapita. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chembe za masizi haya ni ndogo mno, unywele wa kichwani ni mnene kuzizidi mara nyingi. Zinapita puani, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Chujio linalokatwa lilikuwa linazizuia hizo.

"Lakini mafuta yetu mabaya"

Hiki ndicho kisingizio kikubwa kijiweni, na nakijibu kwa haki. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Ulaya na Japani wako kwenye 10. Hamsini si bora kama kumi, lakini DPF inaweza kuishi nayo. Kwa hiyo kwenye karatasi, dizeli yetu siyo takataka tunayoambiana.

Shida ni kati ya karatasi na pampu. Neno "uchakachuaji" lilishika kasi nchini kwa sababu ya watu waliochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, na mwaka 2010 likahamia kwenye kura. Mafuta yakaanza kuwekewa vinasaba, na bajeti ya 2011/2012 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Sawa. Lakini mimi na wewe, tukisimama kituoni leo, tunajuaje kilichomo kwenye pampu? Bei kikomo tunatangaziwa kila mwezi hadi senti. Mbona majibu ya vipimo vya ubora, kituo kwa kituo, hayabandikwi pale pale ilipobandikwa bei?

Serikali iko wapi?

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2007. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho umeona barabarani mashine ya kupima moshi ikichomekwa kwenye ekzosi? Stika tunanunua, faini tunalipa, moshi unapimwa kwa macho.

Angalia na ushuru. Gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe linatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Nia inasemwa ni mazingira. Lakini ushuru huo unahesabu umri, hauulizi kama chujio lipo au halipo. Anayelitunza na anayelikata wanalipa sawa. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotengenezwa na DPF likifika kwenye ukaguzi wa kila mwaka bila DPF, linafeli. Halina mjadala.

Na kama unadhani haya ni mambo ya wazungu, tazama Tokyo, kwa hao hao wanaotuuzia magari. Mwaka 1999 gavana wa mji huo, Ishihara Shintaro, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli chafu, akawa anaonyesha mbele ya kamera chupa ya plastiki yenye masizi, watu waone wanachovuta. Sihitaji kupenda siasa zake nyingine kukubali kwamba hapo alifanya kazi. Oktoba 2003, Tokyo na mikoa mitatu jirani, Saitama, Chiba na Kanagawa, ikapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi kiwango cha masizi. Ama ufunge chujio, ama usipite. Wao walikuwa wanafunga machujio kwenye magari yasiyo nayo. Sisi, miaka zaidi ya ishirini baadaye, tunayatoa kwenye magari yaliyokuja nayo.

Tudai nini

Kwanza, moshi upimwe kwa mashine, gari likiingia nchini na kila mwaka baada ya hapo, na gari lililokuja na chujio likikutwa halina, lirudishiwe. Waanze na magari ya umma, STK na STL zote, halafu ndiyo waje kwa dereva wa Noah.

Pili, vipimo vya ubora wa mafuta vitangazwe hadharani kwa majina ya vituo. Tunalipa kodi na tozo kwenye kila lita, tuna haki ya kujua tunanunua nini.

Tatu, mafundi wafundishwe. Fundi wengi hawakati kwa ubaya, wanakata kwa sababu grenda wanayo na mashine ya kusafishia hawana. VETA wafundishe mifumo hii kwa magari yanayoingia leo, na mashine za kusafishia chujio zipunguziwe ushuru. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10, na asilimia 4 ni ya vijana. Kikundi cha vijana watano wenye mashine moja ya kusafisha DPF Kinondoni au Ilala kina kazi ya mwaka mzima. Hiyo ni ajira inayosafisha hewa, siyo ya kuichafua.

Najua nitaambiwa: "Kamanda, daladala na malori ya zamani hayana DPF kabisa na yanatoa moshi mweusi tii, mbona unahangaika na wenye SUV?" Hoja ina ukweli. Ndiyo maana nataka kipimo cha moshi kwa kila ekzosi, siyo kwa chujio peke yake. Lakini kuongeza magari machafu kwa sababu machafu mengine yapo ni akili gani?

Wengine watasema kusafisha ni ghali, bora kukata. Kukata ni nafuu kwako kwa sababu gharama umemhamishia mtu mwingine. Analipa kijana wa bodaboda, kwa kifua chake, na hana bima.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wiki hii ni dogo. Kama wewe, mshua wako au bosi wako ana gari la dizeli, mwambie asilikate. Kama wewe ni fundi, jifunze kulisafisha, nitakusaidia kwa ninachojua. Na diwani au mbunge akija kuomba kura mtaani kwenu, muulize swali moja: moshi wa magari hapa kwetu unapimwa na nani, lini, na majibu yako wapi?

Akikuambia lipo kwenye mchakato, jua naye ni wa kuzima taa.